Mhusika Bapa Mpakani: Msafiri wa Karatasi, Waraka na Habari za Jiji

1.0 Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Istilahi hizi tumezirithi kutoka kwa E. M. Forster, aliyezieleza katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927. Mhusika bapa ni yule anayeweza kuelezwa kwa sentensi moja, asiyebadilika na asiyetushangaza. Mhusika duara ana undani, hukua, na aweza kutukanushia yale tuliyodhani tunayajua juu yake. Ni nadra, hata hivyo, kukutana na mhusika ambaye ubapa wake si sitiari ya mhakiki bali ni maumbile yake. Mhusika wa namna hiyo ndiye kiini cha makala haya.

Tunakusudia kumchunguza msafiri wa karatasi: mwanasesere aliyechorwa na kukatwa na mtoto, kisha akakabidhiwa mtu mzima aende naye katika jiji kubwa, ampige picha mbele ya mahali mashuhuri, na kumrudisha pamoja na maelezo ya matembezi yao. Mwanasesere huyo, picha zake na barua zinazoandamana naye tutazichukulia kuwa matini, kwa kuwa zina msimulizi, zina mandhari, na zina msomaji anayesubiri. Hoja yetu ni kwamba desturi hii, jinsi inavyotekelezwa mara nyingi, humwacha msafiri katika ubapa wake, kwani huleta mandhari bila habari. Aidha, tutadai kwamba fasihi ya Kiswahili inayo mila kongwe ya karatasi isafiriyo, yaani waraka, na kwamba mila hiyo inatupa kipimo bora cha kuihakiki desturi hii ngeni. Tofauti ya mambo hayo mawili huonekana waziwazi msomaji anaposimama Busia au Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda, ambako uhusiano wa mtu na karatasi si jambo la mchezo.

2.0 Stanley: kutoka kitabuni hadi darasani

Asili ya desturi tunayoizungumzia ni hadithi ya watoto iliyoandikwa na Mmarekani Jeff Brown, Flat Stanley, iliyotoka mwaka 1964 ikiwa na michoro ya Tomi Ungerer. Stanley Lambchop ni mvulana wa kawaida anayeangukiwa usiku na ubao mkubwa wa matangazo. Asubuhi anapatikana mzima, ila amekuwa bapa, unene wake ni nusu inchi. Tukio hilo linasimuliwa kwa utulivu, kana kwamba ni jambo la kila siku, na utulivu huo ndio chanzo cha ucheshi wa kitabu. Stanley hupita chini ya milango. Huteremshwa kwa kamba kupitia vyuma vya mfereji ili aiokote pete ya mama yake. Hutundikwa ukutani katika makumbusho akijifanya picha, na wezi wa sanaa wakanaswa. Hurushwa angani na ndugu yake Arthur kama tiara. Na kubwa zaidi kwa hoja yetu, hutiwa ndani ya bahasha na kupelekwa California kwa posta.

Mambo mawili katika hadithi hii hayana budi kusisitizwa. La kwanza ni sababu ya safari ya bahasha: nauli ni ghali. Brown analigusia jambo hili kwa wepesi, lakini ndilo linaloizaa safari yenyewe. Mtoto anasafiri kama karatasi kwa kuwa karatasi ni rahisi kusafirisha kuliko mtu. La pili ni mwisho wa hadithi. Watoto wengine wanaanza kumcheka Stanley kwa umbo lake, naye anahuzunika. Arthur ndiye anayemwokoa. Anatafuta pampu ya baiskeli na kumjaza ndugu yake upepo hadi anarudia umbo la mtu. Kwa istilahi zetu, mhusika bapa anafanywa duara, na chombo kinachotumika ni pampu ya baiskeli.

Desturi ya darasani ilianza mwaka 1995, pale Dale Hubert, mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa London, Ontario, Kanada, alipowashauri wanafunzi wamtengeneze Stanley wa karatasi na kumtuma kwa shule nyingine. Waliompokea waliombwa wamtembeze, waandike alikopelekwa, kisha wamrudishe. Lengo lilikuwa jema: kumpa mtoto sababu ya kweli ya kuandika barua. Desturi hiyo ilienea katika nchi nyingi, na mpaka leo picha za Stanley akiwa mbele ya minara na madaraja ya dunia ni nyingi mno. Hata hivyo, mhakiki hawezi kukosa kuona kwamba desturi imeichukua katikati ya hadithi na kuuacha mwisho wake. Imeichukua bahasha, ikaiacha pampu. Stanley wa darasani hachekwi, hahuzuniki, na hajazwi upepo.

Jina lenyewe pia halimfikii msomaji wa huku likiwa tupu. Hatudai kwamba Brown alimkumbuka Henry Morton Stanley, lakini msomaji wa Afrika Mashariki hana namna ya kumsahau. Mwaka 1875 Stanley huyo alifika katika kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza huko Buganda, akaandika barua ya kuwaita wamisionari, na barua hiyo ikachapishwa katika gazeti la Daily Telegraph mwezi Novemba mwaka huohuo. Aliyeichukua ili kuipeleka kaskazini alikuwa Linant de Bellefonds. Yeye aliuawa njiani, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, na inasimuliwa kwamba barua ilipatikana ndani ya buti lake. Mjumbe hakufika, karatasi ikafika, na kufikia mwaka 1877 wamisionari wa kwanza walikuwa Buganda. Historia ya eneo letu, basi, ilikwisha kutufunza kwamba karatasi na mchukuzi wake hawalipi nauli moja.

3.0 Waraka: karatasi yenye kinywa

Yafaa sasa tukumbuke kwamba karatasi iliyopewa uhai si uvumbuzi mgeni kwa fasihi ya Kiswahili. Katika ushairi wa pwani umo mtindo wa kale ambapo mshairi huanza kwa kuuambia waraka wake uondoke. Hii ni tashihisi iliyokomaa. Waraka huambiwa uinuke, ushike njia, usilale kusikofaa, ufikapo upige hodi, umsalimu fulani na fulani kwa majina, ueleze ulilotumwa, kisha usubiri jibu. Washairi wa Mombasa wa zama za Muyaka walijibizana na wenzao wa Lamu kwa njia hiyo, na vita vya maneno vilivuka bahari kabla ya vita vya panga. Mtindo huo haukufa. Wasomaji wa kurasa za mashairi katika gazeti la Taifa Leo wanawafahamu vyema malenga wanaomwomba mhariri awapishe, halafu wakautuma utungo wao kama mtu atumwaye shambani.

Waraka una kazi tatu: kusalimu, kueleza, na kungoja jibu. Kati ya kazi hizo hakuna ya kutazama. Waraka ufikapo Lamu hauelezi jinsi Lamu ilivyo, kwa kuwa Walamu wanaijua Lamu yao. Kinachohitajika ni habari za huko utokako, na ukirudi, habari za huko ulikokwenda. Hata maamkizi yetu yanalithibitisha hilo. Mtu akirejea haulizwi ameona nini. Huulizwa habari za safari.

Habari hizo aghalabu zina gharama. Mfano ulio karibu ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, na kila mmoja anarudi na mambo yawezayo kuifaa nchi yake, lakini malipo yake ni kifungo. Methali husema mjumbe hauawi, ila Shaaban Robert anatuonyesha kwamba kuna njia nyingine za kumnyamazisha. Kwa mtazamo wetu, wajumbe hao wanapata uzito wa kifasihi kwa sababu ya wanayolipia. Kama wangaliishia kuleta sifa za majumba ya nchi za mbali, hakuna ambaye angaliwafunga, wala hakuna ambaye angaliwakumbuka.

Mfano wa pili ni wa mtu halisi. Katika mkusanyiko wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka 1901, yamo masimulizi ya Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na Mjerumani Theodor Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Hakwenda kama mtalii bali kama mtumishi. Yeye ndiye aliyekuwa mwandani, mtu aliyechukuliwa katika safari ya mwingine. Lakini kalamu ilipofika mkononi mwake, mwandani alisema, na leo safari ile tunaisoma kwa macho yake. Hapa ndipo tunapopata swali la msingi la kumuuliza msafiri yeyote wa karatasi: je, naye anasema, au anabebwa tu?

Hata tiara tunayo. Abunuwasi alipoamriwa na mfalme ajenge nyumba hewani, alirusha tiara yenye kengele, akawaambia watu kuwa hao ndio mafundi wanaofanya kazi huko juu, na kilichobaki ni kupandishiwa mawe na chokaa. Karatasi yake ilipaa ili kuirudisha amri isiyotekelezeka kwa aliyeitoa. Stanley arushwapo na Arthur hupaa ili watu wafurahi, na ndugu yake anaposhughulika na mengine, anakwama mtini. Zote mbili ni karatasi zilizoshikwa uzi na mtu wa chini. Tofauti ni kwamba ile ya Abunuwasi ina neno la kusema.

4.0 Busia na Malaba: karatasi imbebapo mtu

Tukiyachukua mawazo haya hadi mpakani, yanapata uzito mwingine. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Barabara kuu inaupasua, na lango la mpaka linaukata katikati, hata kukawa na Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Malaba, kaskazini yake, ni lango la malori na la reli iliyofika Kampala mwaka 1931. Wasamia na Waiteso wako pande zote mbili, na mazishi au mahari ya ukoo mmoja huweza kuwavusha watu mpaka mara kadhaa katika juma moja. Mpaka wenyewe haukuwa hapa tangu jadi. Hadi mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea mpaka Naivasha. Kisha mstari ukasogezwa magharibi kwa maandishi, na watu wakabadilishiwa nchi wakiwa majumbani mwao. Kwa maneno mengine, ni karatasi iliyosafiri, watu walikaa.

Tangu hapo mkazi wa eneo hili amejifunza kuishi chini ya karatasi. Mababu walivaa kipande shingoni, ndani ya kijisanduku cha chuma. Wajukuu wana kitambulisho cha taifa, ambacho tangu mwaka 2014 kimetosha kumvusha raia wa Kenya kuingia Uganda, na tangu Februari 2018, ulipozinduliwa rasmi utaratibu wa kituo cha pamoja pale Busia, msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Nafuu imekuja, lakini kanuni ni ileile: karatasi huulizwa kwanza, mtu baadaye. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, madereva wa malori walikaa kwenye foleni za kilomita nyingi kuelekea Malaba na Busia wakisubiri vyeti vya vipimo. Shehena ilikuwapo, dereva alikuwapo, gari lilikuwapo. Kilichokosekana ni karatasi.

Kiswahili kinatusaidia kulieleza jambo hili kwa neno moja. Pasi ni hati ya kumruhusu mtu kupita. Pasi pia ni chuma cha moto kinachonyoosha nguo hadi ikalala bapa. Mpakani maana hizo mbili zinakaribiana, kwa maana mtu huandikwa jina, tarehe na alama ya kidole, akalazwa juu ya ukurasa, ndipo akapita. Ubao wa matangazo uliomwangukia Stanley mara moja usiku, kwa mwenyeji wa Busia ni shughuli ya mchana.

Kwa hiyo msomaji wa hapa hawezi kuisoma hadithi ya mtoto wa karatasi kama dhana ya kuchekesha tu. Na hawezi kuupuuza mwisho wake. Mji huu ndio unaotajwa, pamoja na Malaba, kuwa chimbuko la jina bodaboda, tangu miaka ya 1960 baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria na mizigo katika kipande cha njia kilicho kati ya vituo vya nchi mbili. Pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli nyingi, lakini pampu ya miguu na ya mkono bado ni chombo cha riziki kwenye kivuli cha fundi. Mtoto wa Busia anajua kwamba chombo kilichoishiwa upepo hakifiki. Kwake, pampu ya Arthur si ajabu ya mwisho wa hadithi. Ni sharti la safari.

5.0 Picha za Kampala: uchunguzi wa mfano mmoja

Jiji kubwa lililo karibu na mtoto wa Busia si Nairobi. Kutoka mpakani hadi Kampala ni kama kilomita 200, ilhali Nairobi iko mbali kwa zaidi ya kilomita 400. Tulipata nafasi ya kulichunguza jambo hili pale mpwa wetu, mwanafunzi wa shule ya msingi upande wa Kenya, alipokata mwanasesere kwenye kasha la sabuni, akamchora sare ya shule, akamtia mikononi mwetu tulipokuwa tukielekea Kampala kwa shughuli za masomo.

Tulifanya kama desturi inavyotaka. Tulimpiga picha kwenye daraja la Jinja, Mto Naili ukiwa nyuma yake. Tulimpiga picha katika Makumbusho ya Uganda, kwenye kilima cha Kasubi penye makaburi ya makabaka, na juu ya mnara wa msikiti wa Old Kampala, ambapo vilima vya jiji huonekana vikizunguka pande zote. Tulimpiga picha pia mbele ya Mnara wa Uhuru, kazi ya mwaka 1962 ya mchongaji Gregory Maloba. Maloba alikuwa mzaliwa wa magharibi ya Kenya aliyesomea sanaa Makerere, na mnara huo ni mwanamke aliyemwinua mtoto juu. Tuliandika maelezo mafupi chini ya kila picha. Tulirudi Busia tukiamini kwamba tumefanya kazi nzuri.

Mtoto alizitazama picha zote kwa adabu, kisha akauliza maswali matatu. La kwanza: alivuka kwa karatasi gani? La pili: alilala kwa nani? La tatu: ni nani aliyemuuliza habari za kwetu? Hatukuwa na jibu la hata moja. Mwanasesere alivuka mpaka akiwa ndani ya kitabu, katika mkoba. Alilala humo humo. Wala hakuulizwa habari na mtu yeyote, kwa kuwa hatukumtoa mbele ya mtu yeyote. Tulimtoa mbele ya majengo.

Maswali hayo matatu ni uhakiki kamili. Tuliporudi kwenye picha tukiwa nayo akilini, tuligundua jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo: katika kila picha, msafiri amelipa jiji kisogo. Uso wake umeelekea kamera. Naili iko nyuma yake, Kasubi iko nyuma yake, mama wa Maloba amemwinua mwanawe nyuma yake, naye hajaona hata kimoja. Hiyo si kasoro ya picha zetu pekee. Ni sarufi ya picha za namna hii zote, kwani pasipo uso wa mwanasesere hakuna ushahidi kwamba alifika. Kinachothibitishwa ni kufika. Kuona hakuthibitishwi, na kuzungumza hakupo kabisa. Tulikuwa tumemchukua mtoto wa karatasi tukamfanya mhuri.

Swali la malazi nalo lina uzito wa kifasihi. Mila zetu zinamjua mgeni kwa wenyeji wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali, na nyingine huongeza kwamba siku ya tatu mgeni apewe jembe. Methali hizo mbili zinamtaka mgeni alete kitu na ashike kitu. Msafiri wa karatasi, kama tulivyomtumia, hakuleta wala hakushika. Alikaa Kampala siku nne bila ya kuwa mgeni wa mtu.

Safari ya pili ilikuwa tofauti, na maelekezo yalikuwa ya mtoto mwenyewe. Alimgeuza mwanasesere, akaandika mgongoni majina ya jamaa zetu waishio Kampala, salamu kwa kila mmoja, habari ya mvua iliyochelewa, habari ya ndama aliyezaliwa, na maswali mawili yaliyohitaji jibu. Bila ya kufunzwa na mtu, alikuwa ametunga waraka. Safari hiyo hatukwenda kwenye minara. Tulikwenda kwenye nyumba. Kila aliyesoma mgongo wa mwanasesere alitaka kujibu, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, majibu yaliandikwa kwenye vipande vya karatasi na kugandishwa kwa gundi. Mmoja aliandika kwa Kisamia, mwingine kwa Kiganda, na wengine kwa Kiswahili. Mwanasesere alirudi ana doa la mafuta, amekunjika goti, na ni mnene kuliko alivyokwenda. Picha tuliyorudi nayo ilikuwa moja, ya jamaa wenyewe wakiwa wamemshika.

6.0 Pingamizi na insha ya safari

Huenda ikasemwa kwamba tunaulaumu mchezo wa watoto kwa kutokuwa kitu ambacho haukukusudia kuwa. Pingamizi hilo lina haki yake. Kwa mtoto ambaye hana nauli, kumwona mwakilishi wake katika jiji asilolijua ni furaha, na furaha hiyo si ndogo. Tumeonyesha kwamba hata ndani ya kitabu cha Brown ni ughali wa nauli unaomtia Stanley katika bahasha. Hatusemi, basi, kwamba picha za minara zipigwe marufuku. Tunasema kwamba zisihesabiwe kuwa masimulizi.

Tahadhari hii inahusu zaidi ya mwanasesere. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kenya, wa Busia kama wa Lamu, ametakiwa kuandika insha kuhusu ziara ya jijini. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, na mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, insha za namna hiyo ziliandikwa na watoto wengi ambao hawakuwahi kufika mjini. Matokeo yanajulikana kwa kila mwalimu aliyewahi kusahihisha. Jua lilichomoza mashariki, basi liliondoka kwa kasi, majumba yalikuwa marefu kama yanayotaka kuligusa anga, na jioni kila mtu alirudi amechoka lakini amefurahi. Ndani ya insha hizo hakuna aliyeulizwa kitambulisho, aliyepotea, aliyelala kwa shangazi, wala aliyepewa ujumbe. Mwanafunzi aliandika kama mwanasesere aliyesimama mbele ya jengo. Methali zilikuwamo, tamathali zilikuwamo, alama zilipatikana, lakini mtoto mwenyewe hakuwamo.

Mpwa wetu hakuwa hodari wa lugha kuliko watoto hao. Tofauti ilikuwa katika alichotakiwa kufanya. Aliyeambiwa aeleze jiji asilolijua hukopa maneno. Aliyeambiwa apeleke habari za kwao kwa watu anaowajua kwa majina hana haja ya kukopa, kwa sababu mvua iliyochelewa ni yake. Hapo ndipo tunapoona manufaa ya waraka kama kipimo cha uhakiki na pia kama njia ya kufundishia utunzi: humwanzisha mtoto mahali anapojua zaidi ya msomaji wake.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba msafiri wa karatasi ni mhusika bapa kwa maana zote mbili za neno hilo, na kwamba ubapa wake wa kifasihi hautokani na karatasi aliyotengenezwa nayo. Waraka nao ni karatasi, lakini mila yetu iliupa kinywa, ikaupa majina ya kusalimu, na ikautaka urudi na jibu. Desturi iliyotoka katika kitabu cha Brown iliacha nyuma pampu ya Arthur, na pamoja nayo ikaacha jambo ambalo kitabu chenyewe kililitambua, kwamba mtoto hawezi kuridhika daima kuwa bapa.

Busia na Malaba zinatusaidia kulisoma jambo hili kwa sababu wakazi wake wanajua gharama ya kugeuzwa karatasi. Maswali ya mtoto aliyeuliza msafiri wake alivuka kwa hati gani, alilala kwa nani, na ni nani aliyemuuliza habari za kwao, yaweza kuulizwa mbele ya maandishi yoyote ya safari, yawe ya mwanafunzi, ya mwanahabari au ya mwandishi mkongwe. Pale yanapopata jibu, tunayo masimulizi. Pale yanapokosa jibu, tunazo picha za majengo, na mtu aliyesimama mbele yake akiwa ameyapa mgongo.

Mwanasesere wa kasha la sabuni sasa amebandikwa ukutani nyumbani kwa mpwa wetu, upande wa majibu ukiwa nje. Sare ya shule aliyochorewa haionekani tena.